Baraji yako ni ndogo? Shuka chini kwanza uhesabu manyumba

Bandugu wenye mashamba pembeni ya Lubumbashi, njia ya Kasenga, Kipushi, Kafubu kule, mliojenga baraji ya udongo, ule ukuta wa kuzuia maji, kwa ajili ya samaki ao kumwangia lengalenga maji, hii naandika juu yenu.

Yetu alijenga marehemu baba. Ukuta mita 3 hivi, maji yanaenea mita 80 kwa 40, na mimi kila mtu nilikuwa namwambia hiki ni kidimbwi tu. Siku moja ingenieri mmoja, rafiki ya shemeji, akakuja kuangalia, nikafikiri ataanza na ukuta, kumbe akaupita akashuka na kamto mpaka chini kabisa, akaniuliza: "Hizi nyumba ni za nani?" Baba alijenga kukiwa pori tupu. Sasa kuna maparseli, kuna kanisa ya mabati, kuna mama anauza makala ya kupikia palepale pembeni ya maji.

Njo nikaelewa. Kiwango cha hatari ya baraji hakiulizi kama ukuta ni mzima, kinauliza ukivunjika maji yatamkuta nani. Marekani wanapanga hatari tatu, ndogo, ya kati na kubwa, na kubwa ni pale watu wanaweza kufa hata kama ukuta umejengwa jana. Afrika Kusini sheria inaanza kukufuata ukuta ukipita mita 5 na maji yakipita mita za ujazo 50 000. Yangu haifiki huko, lakini piga hesabu, kina cha wastani mita moja na nusu, ni mita za ujazo 4 800, yaani tani 4 800 zinashuka usiku watu wamelala. Kule Solai, Kenya, tarehe 9 Mei 2018, baraji ya udongo ya shamba la mtu binafsi ilivunjika, watu zaidi ya 40 wakafa. Ilikuwa usiku pia.

Kosa langu kubwa lilikuwa mfereji wa kutolea maji ya kuzidi. Niliweka wavu tilapia wasitoroke, majani yakaziba, mvua ya mwezi wa kumi na mbili maji yakabakisha kiganja kimoja tu yapite juu ya ukuta, na udongo maji yakipita juu yake unakatwa kama sabuni. Wavu nilitoa. Samaki wachache wanaenda, waende.

Halafu mchwa. Sisi huku tunajua vichuguu vyetu, sasa mchwa akitoboa ndani ya ukuta maji yanafuata tundu lake. Pale chini ukutani penye unyevu chota maji na glasi ya kioo, inua juani: yakiwa safi endelea kuchunga, yakiwa na matope ukuta unaliwa ndani, anza kupunguza maji siku hiyohiyo na uite mtu mwenye kujua. Ila polepole, ukiyashusha kwa haraka ule upande wa ndani uliolowa unaweza kuporomoka. Na miti mikubwa usiing'oe ovyo, mizizi ikioza inaacha njia.

Mvua ikikazana sasa kijana wa shamba analala pale na filimbi. Mama wa makala alitaka aisikie kwanza, akaingia ndani akafunga mlango, tukapuliza toka ukutani, akatoka akasema anasikia, lakini tupulize tena, mtoto alikuwa analia.