Redio ya mtaa nitaichangia, lakini hesabu isomwe hewani

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama mwananchi anafaa kutoa pesa yake ya mfukoni ndio redio na TV za umma zibaki hewani. Mimi nasema ndio, ila si stesheni yoyote tu.

Najua kuna mtu ashaanza kusema KBC, shirika la utangazaji la serikali ya Kenya, si tunailipia kwa kodi. Sawa, na katiba ya 2010 kifungu cha 34 inasema vyombo vya serikali viwe huru kuamua vitatangaza nini na visipendelee upande, lakini ukikula ugali wa mtu kila siku ni ngumu kumwambia mboga imezidi chumvi. Mimi naongea juu ya hizi ndogo za mtaa, Koch FM ya Korogocho iliyoanza 2006 ndani ya kontena, ama Pamoja FM ya Kibera. Zote mbili ziko masafa ya 99.9 FM na mitambo yao haina nguvu sana, ukipanda matatu ukasonga mbali kidogo inaanza kukwaruza. Na kisheria hizi si za faida, pesa ikiingia inarudi kwa stesheni.

Sasa niambie ni stesheni gani kubwa ya mjini itakatiza muziki iseme kuna mtoto amepatikana karibu na choo cha kulipia, miaka kama minne, fulana nyekundu, kiatu kimoja, anasema mamake anaitwa Mama Brayo? Hiyo nimeisikia mimi mwenyewe. Na ile fujo ya baada ya uchaguzi wa 2007, Pamoja ilikuwa inaongea na watu wa Kibera watulie, tena kwa sauti za watu wanaojulikana ploti kwa ploti.

Shida ni pesa za wafadhili. Mfadhili anataka vipindi vya kunawa mikono wakati mifereji imekauka na mtungi wa lita 20 umepanda bei, halafu mradi ukiisha watangazaji wanabaki kujitolea, wakishaiva wanachukuliwa na stesheni za biashara. Kila mwaka ni kufunza wengine.

Huko Marekani stesheni kama GBH ya Boston ama KQED ya San Francisco, ambazo zina TV na redio chini ya shirika moja lisilo la faida, zinaishi sana kwa michango ya watazamaji na wasikilizaji wao. Mwaka 2025 bunge lao likafuta kama dola bilioni 1.1 za utangazaji wa umma, na walioumia zaidi ni stesheni ndogo za mashambani, zenye watu wachache wa kuchanga.

Sisi kuchanga hatufunzwi na mtu, matanga, karo, bili ya hospitali, kila wiki kuna grupu ya WhatsApp umeongezwa bila kuulizwa. Kwa hivyo nyinyi stesheni za mtaa wekeni paybill ya M-Pesa, shilingi 50 kwa mwezi nitatuma. Lakini waliochanga wachague watu wao kwa bodi, na hesabu isomwe hewani, imeingia ngapi, stima imekula ngapi, mtangazaji amepewa ngapi. Wasome Jumapili jioni, si Jumamosi, Jumamosi kuna mpira na hakuna mtu atasikiliza.