Kabla ya Kushusha Giaboksi, Hesabu Difu

Nyie mnaoanza kazi kwenye gereji za magari ya watalii, hapa Arusha au kwingineko, kuna gari moja lazima mtaletewa. Land Cruiser ya 70, injini ya dizeli ya 1HZ, imefungwa matairi ya inchi 35 kwa sababu bosi kaona picha mahali akapenda. Dereva analalamika kwamba klachi inanuka kila akipandisha abiria kutoka chini ya kreta ya Ngorongoro. Bosi naye keshaamua: "Wekeni klachi ngumu, tumalize."

Msikimbilie spana.

Klachi haijui tairi lina ukubwa gani. Inachokishika ni nguvu ya injini, na 1HZ inatoa Nm 285 hata ukiifungia matairi ya trekta. Klachi nzima ya kiwandani inaimudu nguvu hiyo bila taabu. Kinachobadilika ni muda ambao pleti ya klachi inasuguana na flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, mpaka gari lishike mwendo, na huko ndiko joto linakozaliwa.

Tufanye hesabu. Tairi la 235/85R16, ambalo ndilo la kazi kwenye magari haya, lina kipenyo cha milimita 806 hivi. La 315/75R16, hilo wanaloliita inchi 35, ni karibu milimita 879. Tofauti ni asilimia 9, kwa hiyo kila gia, kuanzia namba moja mpaka rivasi, imekuwa ndefu kwa asilimia 9. Difu, yaani gia za kwenye ekseli, ya 4.10 (propela, ile shafti ndefu ya chini ya gari, inazunguka mara 4.10 ekseli ikizunguka mara moja) sasa inavuta kama ya 3.76. Wakati wa kuondoka, gari linatakiwa lifikie mwendo mkubwa zaidi kwa asilimia 9 ndipo pleti iache kuteleza, na kwa kuwa nishati ya mwendo inapanda kwa kipeo cha pili, joto linaloingia kwenye pleti linaongezeka kwa karibu asilimia 19. Hapo gari liko tambarare, na bado hatujagusa uzito wa matairi yenyewe, wala mlima, wala mizigo ya wageni juu ya keria.

Halafu kuna hewa. Ukingo wa kreta uko kwenye mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari, na dizeli isiyo na tabo (pampu ya kusukumia hewa kwenye injini), kama hii 1HZ, hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Dereva anayepanda barabara ya Lerai ana injini iliyopungua kama moja ya tano, na gia ndefu kuliko alizozizoea. Atafanya nini? Atabalansi. Mguu mmoja kwenye mafuta, mwingine nusu klachi, na wageni nyuma wanaanza kuulizana hiyo harufu ni ya nini.

Ukimfungia klachi ngumu, haitateleza kirahisi, ni kweli. Lakini gia zitabaki ndefu vilevile. Pedali itakuwa nzito, na kama umeweka pleti ya vipande vya keramiki, itashika kwa kuruka, gari litikisike, na ule mshtuko uliokuwa ukiishia kwenye pleti utakwenda kwenye giaboksi, krosi za propela na shafti. Mimi pleti ya keramiki kwenye gari la kubeba wageni siipendi kabisa. Hiyo ni ya mashindano, ya mtu anayekanyaga na kuachia mara moja, siyo ya mtu anayenyatia simba kwa mwendo wa mguu.

Kwa hiyo utaratibu ni huu: tairi kwanza, difu ya pili, klachi mwisho.

Kwenye tairi, usiamini maandishi ya ubavuni peke yake. Likibeba mzigo linabonyea, na tairi la kampuni hii si sawa na la kampuni ile hata kama namba zinafanana. Jaza upepo wa kazi, piga mstari wa chaki kwenye tairi na mwingine chini sakafuni, sukuma gari mpaka mstari wa tairi urudi chini, pima umbali kwa futi kamba. Fanya hivyo kwa tairi la zamani na la jipya. Gawanya umbali mpya kwa wa zamani, ndiyo tofauti ya kweli.

Kwenye difu, usimwamini mwenye gari. Magari haya yamepita mikono mingi, na spea za mtumba ndizo zilizoyabakisha barabarani. Weka kabari matairi ya mbele, gia iwe huru, achia breki ya mkono, inua tairi moja la nyuma kwa jeki na uweke stendi. Piga alama kwenye propela. Mwenzako azungushe tairi hilo mara 20 kamili, wewe uhesabu propela. Kwa kuwa tairi la upande wa pili limesimama, mizunguko 20 ya upande mmoja ni sawa na 10 ya ekseli nzima. Ukipata 41, difu ni 4.10. Ukipata 43, ni 4.30. Ukipata 39, ni 3.90. Kazi ya dakika chache, na hujafungua boliti hata moja. Kama gari lina loka ya difu, inayolazimisha matairi mawili ya ekseli yazunguke pamoja, hakikisha imefunguka, la sivyo tairi halitakubali kuzunguka.

Zidisha reshio uliyoipata, yaani hiyo namba ya difu, kwa ile tofauti ya matairi. Kwa mfano wetu, 4.10 mara 1.09 inakupa 4.47. Hiyo hutaipata dukani. Utapata 4.30 au 4.56, na kwa gari linalobeba mzigo na kupanda milima, chukua 4.56. Tazama inavyokuja: kwa matairi ya kawaida na difu ya 4.10, gari likiwa gia namba nne kwa kilomita 80 kwa saa, injini inazunguka kama 2,160 kwa dakika. 1HZ hutoa nguvu yake kubwa ya kuvuta kwenye 2,200. Ukifunga inchi 35 bila kugusa difu, inashuka mpaka 1,980. Ukiweka 4.56, inarudi 2,200. Hata spidomita, ambayo kwenye magari mengi ya aina hii inasoma kutoka kwenye transfa (giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma), inakaribia kusema kweli tena. Kabla ya hapo ilikuwa inaonyesha 80 na gari liko 87, na trafiki hatakuelewa ukimweleza habari za matairi.

Difu zinabadilishwa zote mbili, ya mbele na ya nyuma. Bosi akisema tuanze na ya nyuma, ya mbele mwezi ujao, mwambie gari lisiingizwe fo-wili hata mara moja mpaka huo mwezi ujao ufike. Reshio zikitofautiana, ekseli mbili zinavutana, na kitakachokuwa dhaifu kitakatika. Breki na stelingi nazo zinalemewa na tairi kubwa, lakini hayo yana siku yake.

Kama tofauti ni ndogo, acha. Tairi la 285/75R16 linaongeza asilimia 3.5 tu, na sioni sababu ya kumtoa mtu hela ya difu kwa hilo. Na kusema kweli, gari la kazi mimi ningelibakisha na 235/85. Ni jembamba, linachana tope likatafuta ardhi ngumu chini, na spea yake ipo kila mji.

Dereva naye mfundishe kutumia L4, yaani gia nzito za fo-wili, maana wengi wanaiona ni ya kutolea gari kwenye matope tu. Klachi nyingi zinaungulia kwenye rivasi, gari limejaa, linarudishwa mlimani kwa nusu klachi. Weka L4, achia pedali, litarudi lenyewe taratibu. Kama ardhi ni ngumu na kavu, habu za mbele, vile vifungo vya katikati ya matairi ya mbele, ziachwe kwenye FREE: unapata gia nzito za L4 kwa matairi ya nyuma tu, bila ekseli kuvutana. Asikanyage kwa hasira tu, maana mzigo wote uko nyuma.

Sasa ndiyo ushushe giaboksi uifikie klachi. Flaiwili ikiwa na madoa ya bluu, ipelekwe kuchongwa. Angalia oili sili ya nyuma ya krenki, badilisha rilisi beringi na ile beringi ndogo ya katikati, funga pleti na presha pleti za daraja la kiwandani. Dereva aendeshe kilomita 500 za kwanza mjini, bila mzigo mzito. Halafu andika ukubwa wa tairi na reshio ya difu kwenye karatasi, ubandike ndani ya boneti, ili fundi anayekuja asiagize spea kwa kitabu.