Ubao wa kikundi umejaa semina

SWALI: Shikamoo mama. Kikundi chetu cha akina mama hapa Ngamiani, Tanga, kina ubao wa matangazo nje ya ofisi. Zamani ulikuwa wa misiba, vikao na vyumba vya kupanga. Sasa ni mafunzo matupu: sabuni ya maji, keki, batiki, kuku wa kienyeji. Mwalimu mmoja hubandika karatasi yake kila wiki, tena juu ya za wenzake. Nikiibandua naambiwa nina wivu. Mwenyekiti anataka tuyapige marufuku yote, mweka hazina anataka tutoze. Tuweke utaratibu gani? – Katibu

JIBU: Marahaba mwanangu. Msipige marufuku. Mama anayepita hapo na kapu lake atajulia wapi kwamba mtaa wa pili kuna mtu anafundisha batiki? Kutoza sina ugomvi nako, ila wote wanaouza mafunzo walipe sawa na wapewe risiti, hata akiwa shoga yake mwenyekiti. Anayefundisha bure kweli asitozwe.

Nasema bure kweli, maana hapo ndipo watu wanapolizwa. Karatasi imeandikwa BURE kwa herufi kubwa. Ukifika, fomu Sh. 5,000, vifaa Sh. 20,000, na mchana kutwa unashawishiwa ununue virutubisho uwe wakala. Kwa hiyo gharama yote iandikwe kwenye tangazo: ada, fomu, vifaa, chakula, cheti. Kama kutauzwa bidhaa, liandikwe na hilo. Wala hamjajitungia ukali wenu. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mteja, na mwalimu anayelipisha ni mfanyabiashara.

Kuna na hiki cheti "kinachotambulika na serikali". Vyuo vya ufundi husajiliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi. Anayeandika maneno hayo atoe namba ya usajili wa chuo chake. Kama hana, aufute mstari huo, aandike "cheti cha kuhudhuria", tangazo libaki. Sijaona bado mteja wa keki anayeuliza cheti.

Semina za kiingilio za "jinsi ya kupata mkopo wa halmashauri" mimi nisingezipa hata pini. Mkopo ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu, maelezo yake yako kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kumuuliza hakulipiwi.

Tangazo liwe na jina kamili la mwalimu, mahali na saa. "Ukumbi utatangazwa" msikubali. Tanga yetu ni ya waja leo waondoka leo, na wapo walioondoka na ada za watu. Ikiwa malipo ni kwa simu, jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri liwe lilelile la kwenye karatasi, na iandikwe fedha zitarudishwa lini semina ikiahirishwa.

Kubandika ni kazi ndogo: semina moja, karatasi moja, isizidi A4, isifunike ya mwenzake. Ukiipokea, andika kwenye kona tarehe ya kuibandua. Usilibebe peke yako. Mchaguliwe wawili, na tangazo likiwa la mmoja wenu au ndugu yake, aamue mwingine. Wekeni na daftari la malalamiko. Aliyelalamikiwa aitwe ajieleze kwanza. Akithibitika kala ada ya mtu, asibandike tena mpaka airudishe.

Huyo wa kila wiki mpe nakala ya utaratibu asaini kabla hujambandulia. Akikuita tena mwenye wivu, mwonyeshe karatasi ya mwanachama mwenzenu uliyoibandua asubuhi hiyohiyo.