Jibu: Baraji ya udongo ku shamba nilinunua, ni ya nani?
Kaka, umeuliza kama ile baraji (tuta ya udongo yenye kufunga maji) ulikuta ku shamba njia ya Kasenga ni yako, na kama maji yenye kutoka chini ya tuta ni hatari. Huku Congo udongo ni wa Leta (serikali) tangu sheria ya 1973, wewe uko na konsesyo tu, ni kusema ruhusa ya kuutumia, lakini tuta ikipasuka watu wa chini watakuja kwako. Sasa hiyo maji chota mu glasi: ikiwa safi chunga kila siku, ikiwa na matope tuta inakulika ndani, shusha maji pole pole kuanzia leo na ambia majirani, tafazali usingoje. Na mfereji wa pembeni, wenye kutosha maji ya kuzidi, uzibue mbele mvua ianze, baraji ya kwetu ilibomoka juu ya kapita (msimamizi wa kazi) aliuziba na mifuko ya mchanga eti samaki isitoroke.