Kufunga ekseli ya tairi nne nyuma kwenye pikapu ya zamani

Umeuliza kama ekseli ya tairi pacha (tairi mbili kila upande) itaingia kwenye pikapu yako ya zamani bila kuchomelea. Inawezekana, ila pima kwanza umbali kati ya vikalio vya springi, yaani sehemu za ekseli ambazo springi hukalia. Visipolingana na springi zako itabidi vikatwe na kuchomelewa upya, na hapo usikurupuke: gari likae kwenye tairi zake, uzito wote chini, upate pembe sahihi ya pinioni (gia ya difu inayozungushwa na propela) ndipo uchomelee. Pembe ikikosewa, propela, shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli, itatetema na krosi (viungo vyake) zitakufa mapema.

Kama pikapu inavuta mbele na nyuma, uwiano wa gia za difu zote mbili, ya mbele na ya nyuma, lazima ulingane. Hili halina mjadala.

Breki ndizo zinazonitia hofu zaidi. Silinda za magurudumu zikiwa kubwa kuliko za awali, masta ya zamani (pampu kuu ya breki) huenda isisukume mafuta ya kutosha na pedali ikashuka. Kagua pia kebo ya hendibreki.

Rimu za mbele mara nyingi hudai adapta (kipande cha kuunganisha rimu na habu), na madigadi ya nyuma yatahitaji kupanuliwa.

Tafadhali usiongeze mzigo kwa sababu ya tairi tu. Chesisi ni ileile.