Mwanangu, kuhusu kipimo cha mjomba wako

Ipagala, Dodoma

Mwanangu Neema,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unauliza: kama huko nje kuna vipimo vya alama za kibayolojia vinavyotabiri doa kama la mjomba wako litageuka saratani au la, kwa nini tusichange pesa tukapeleka kinyama kilichokatwa kwenye doa lake, badala ya kukaa tunasubiri? Jambo hili si la kujibiwa kwa simu wewe ukiwa kwenye daladala. Nimefanya kazi maabara ya patholojia miaka 31, acha nikuandikie.

Doa lenyewe nimeliona kwa macho yangu. Alipokuja kutoka Bahi nilimkalisha uani kwenye jua, nikauvuta mdomo wake wa chini kwa kijiko. Liko kushoto, pale pale anapoweka ugoro tangu ujana wake: jeupe, lina mikunjo kama ngozi iliyokaa sana majini, na ukilifuta kwa pamba halitoki. Kidonda hakuna, wekundu hakuna, na hilo lilinipa nafuu, maana doa jekundu ndilo linalotutisha zaidi. Daktari wa kinywa alisema ni leukoplakia, yaani doa jeupe linaloweza kugeuka saratani, akakata kinyama. Majibu yamekuja: displasia ya wastani.

Neno hilo usiliogope kabla hujalielewa. Kinyama kikitoka kwenye fomalini, ile dawa ya kukihifadhi, kinagandishwa ndani ya nta, kisha kinakatwa vipande vya mikroni 3 au 4, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Kipande kile ukikilaza juu ya maji ya vuguvugu kinajinyoosha chenyewe, kama utando wa maziwa. Kikitiwa rangi, viini vya seli vinakuwa vya zambarau na sehemu nyingine waridi. Utando wa kinywa wenye afya umepangika: chini seli ndogo zinazogawanyika, juu seli bapa. Displasia ni mpangilio huo kuvurugika. Ukivurugika theluthi ya chini tu tunaandika hafifu, ukifika ya kati ni wastani, ukipita hapo ni kali.

Lakini huko ni kusoma kwa macho. Slaidi moja, yaani kioo chenye kipande kile, inaweza kupita kwa madaktari wawili ikatoka na majibu mawili. Kuna mama mmoja ambaye kinyama chake nilikikata kwa mkono wangu. Kikaandikwa hafifu, akaenda zake na furaha, hakurudi kliniki. Baada ya miaka miwili akaletwa na uvimbe wa ulimi. Mama yule simsahau.

Alama unazozisema zilitafutwa kwa ajili ya watu kama yule. Kila mtu hurithi kromosomu zake kwa jozi, nakala ya baba na nakala ya mama. Seli inayoelekea kuharibika huanza kupoteza vipande vya nakala moja. Kwa kinywa, vinavyofuatiliwa sana viko kwenye mkono mfupi wa kromosomu ya 3 na wa kromosomu ya 9, ambako kuna jeni la CDKN2A linalozuia seli isigawanyike ovyo. Mtafiti Miriam Rosin na wenzake, kule Kanada, walionyesha tangu mwaka 2000 kwamba madoa yaliyopoteza vipande hivyo hugeuka saratani mara nyingi zaidi. Wengine hupima protini ya p53, wengine hupima kiasi cha DNA ndani ya kiini.

Sasa soma hesabu hii taratibu. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa EPOC, uliofanyika Marekani. Baada ya miaka 3, watu ambao madoa yao yalikuwa yamepoteza vipande, 74 kati ya 100 hawakuwa wamepata saratani ya kinywa. Ambao madoa yao hayakupoteza, 87 kati ya 100. Tofauti ipo, na ni ya kweli. Lakini hao 13 waliobaki walikuwa upande tunaouita salama! Tena wale wa hatari walipopewa dawa ya erlotinib ili kuikinga saratani, haikuwasaidia.

Turudi kwa mjomba wako. Kwa displasia ya wastani daktari ameshaamua: doa linaondolewa lote, ugoro unaachwa, anarudi kuangaliwa kila miezi 3. Kipimo kikisema hatari, tutaongeza nini hapo? Kikisema salama, namjua kaka yangu, atarudi kwenye kopo lake la ugoro kesho yake. Na doa likishaondolewa linaweza kuota tena, au saratani ikaanzia pembeni, kwa sababu ugoro haukugusa sehemu moja tu.

Sisemi alama hizo hazifai. Kinyama kimo ndani ya nta, hakiozi, na DNA inaweza kutolewa humo hata baada ya miaka mingi. Nimeshaomba bloku, yaani hiyo nta yenye kinyama, itunzwe. Likija kuota doa jingine, likasomwa hafifu au madaktari wakapishana, nitakuwa wa kwanza kukuambia tuchange.

Anaondolewa doa Alhamisi. Kwa sasa pesa yako itume kwa nauli ya Bahi, kwenda na kurudi, kwa mwaka mzima wa kliniki. Halafu kuna kazi ambayo mimi siiwezi, maana akiniona tu anaanza kujitetea. Ugoro wa huku unachanganywa na magadi, nayo ndiyo yanayofanya nikotini iingie damuni haraka, kwa hiyo kuacha kunamtesa kweli. Hamu inambana zaidi usiku, akishamaliza kula. Mpigie saa mbili. Usimhubirie. Muulize habari za mtama na ndama wake mpya, aongee mpaka hamu impite.

Mama yako