Uvimbe kwapani: usiminye, na sio kila anayekupa pole anakuombea mema

Jana usiku dada mmoja wa Ujiji kaniandikia, ana uvimbe kwapani unamuuma hadi sidiria haivaliki, na kuna mtu kamwambia apake mawese ya moto. Dada yangu, hapana. Mawese pikia maharage. Huo uvimbe ukande kwa kitambaa safi na maji ya uvuguvugu mara kadhaa kwa siku, usiuminye, halafu nenda ukapimwe.

Mimi wangu ulinitokea msimu dagaa wamekubali kwelikweli pale Kibirizi, Kigoma, na sisi watafutaji, tunaosomesha na nyumba hazijafika lenta, nani ana muda wa kuumwa? Ulianza kama kipele baada ya kunyoa, ukakua, ukawa wa moto, ngozi juu inang'aa, nikawa naanika dagaa mkono mmoja juu kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda chooni. Ndo wifi yangu mmoja akaanza kunong'ona mwaloni kwamba nimekanyaga miwaya, yaani nina VVU, eti kwapa halivimbi bure. Kuna wateja wakahamia meza ya jirani. Wifi ambaye ada ya mtoto wake nimelipa mimi!

Hospitali daktari akabonyeza akasema jipu limeiva. Kumbe kuna bakteria, stafilokokasi aureasi, wanakaa tu kwenye ngozi na puani hata kwa mtu mzima wa afya, wembe ukikukwaruza wanapata mlango. Akanipima sukari, maana majipu ya mara kwa mara yanaweza kuwa kisukari, nami nikaomba na kipimo cha VVU hapo hapo. Vyote safi, na majibu nilimpelekea wifi mkononi, akajifanya hajavaa miwani.

Kupasuliwa nisiwadanganye, penye usaha ganzi haishiki vizuri, nililia. Ila usaha ulivyotoka tu maumivu yakashuka, nikacheka na nesi. Wakaniwekea utambi wa gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, ndani ya tundu ili kidonda kipone kuanzia chini, kikiwahi kufunga juu usaha unajaa upya. Kubadilisha ule utambi ndo shughuli yenyewe.

Kwa hiyo wanawake wenzangu acheni kuchangia nyembe, acheni kuminyana, acheni kununua vidonge viwili vitatu vya antibayotiki dukani kwa kubahatisha, jipu lililoiva linataka kutolewa usaha. Yakijirudia makwapa yote na kwenye mapaja, yanaacha makovu na vijitundu, mwambie daktari, upo ugonjwa wa ngozi wa hivyo na hautokani na uchafu wala hauambukizi. Ukiona homa au wekundu unasambaa, usisubiri kesho. Na uvimbe mgumu usiouma, unaokua taratibu, huo ndo uukimbize hospitali zaidi, tezi za kwapani huvimba kwa TB na kwa saratani ya matiti pia.

Beba na hela ya gozi na plasta, kuna sehemu watakwambia kanunue nje.